Nyama Laini Ndani ya Boflo: Moto Mdogo Una Masharti Yake

Pwani yetu ni ya samaki. Kuanzia Bagamoyo mjini, Kaole na Mlingotini mpaka Mapinga na Bunju, siku za kawaida tunakula dagaa, kibua au changu, na nyama ya ng'ombe inasubiri Jumapili, ubatizo, kipaimara au harusi. Kwa hiyo mama akinunua kilo mbili za nyama hutaka ziwafikie watu wengi. Njia moja nzuri ni kuipika taratibu mpaka ichambuke kwa uma, kisha kuijaza ndani ya boflo ikiwa bado ya moto, pamoja na kachumbari. Kilo mbili za namna hiyo huweza kutosha watu kumi na tano. Wazee wasio na meno hula bila taabu, na watoto hupata madini ya chuma yanayojenga damu.

Lakini nyama hiyo inahitaji saa nyingi juu ya moto mdogo, na mwandishi wa ukurasa huu amekwisha kuona matokeo ya kutojua masharti ya moto huo. Katika sherehe moja ya kipaimara nyama ilipikwa jioni kwenye sufuria kubwa, ikaiva, ikafunikwa, ikaachwa juu ya mafiga wakati makaa yanazimika. Asubuhi ilikuwa vuguvugu. Ilipashwa moto kidogo, ikajazwa kwenye mikate, watu wakala saa nane mchana. Kufika saa sita usiku nyumba tatu za jirani walikuwa wanapishana chooni. Kuna waliosema ni uchawi, kuna waliolaumu kachumbari. Mimi nilikula pia, na nilikuwa miongoni mwa waliopishana.

Sababu ilikuwa ndani ya sufuria. Wako vijidudu ambao mbegu zao hazifi hata mchuzi ukichemka. Wakati wa moto mkali hutulia tu. Chakula kikishuka kuwa vuguvugu huamka na kuzaliana kwa kasi sana, hasa katikati ya chungu kikubwa cha nyama ambacho hakipoi haraka. Shirika la Afya Duniani linafundisha hivi: chakula kipikwe mpaka ndani kifikie nyuzi joto 70, kinachosubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo penye hatari. Joto la kawaida la Bagamoyo mchana lipo katikati kabisa ya eneo hilo.

Wengine watasema, basi tuache jiko la mkaa liwake usiku kucha. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwani kuumwa tumbo ni jambo dogo kuliko hili. Mkaa unaowaka polepole hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao wengine hawaamki. Usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata kama kuna mvua, hata kama unaogopa mwizi wa sufuria. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Siku hizi zimeingia sufuria za umeme za kupikia taratibu. Asili yake inapendeza kuisikia. Katika Marekani, Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alijiita Naxon, alipata hataza ya chungu chake cha umeme mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Vilnius, huko Lithuania, walivyopeleka vyungu vya nyama na maharage kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni, vikaiva polepole mpaka kesho yake, kwa kuwa siku ya Sabato hawakuwasha moto. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilikitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot, na wafanyakazi wa Marekani wakakipenda kwa sababu waliweka nyama asubuhi na kukuta chakula jioni.

Sufuria nyingi za aina hiyo hutumia wati 200 hadi 300, yaani kwa saa nane ni uniti mbili hivi au pungufu. Si mzigo mkubwa kwa nyumba yenye umeme. Tena Serikali, kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na misitu ya mkoa wetu wa Pwani, inayochomwa mkaa kwa ajili ya Dar es Salaam, ingepumua. Tatizo ni umeme kukatika. Ukitoka kwenda kazini na ukarudi ukakuta umekatika kwa muda usioujua, mwaga chakula hicho. Najua inauma. Kuchemsha upya hakusaidii, kwa maana baadhi ya sumu zinazoachwa na vijidudu hazivunjiki kwa kuchemshwa. Ukiwepo nyumbani umeme unapokatika, hamishia nyama kwenye moto mwingine mara moja.

Asiye na umeme anaweza kutumia kapu la joto, ambalo mimi nalipenda kuliko vyote. Chukua kapu kubwa la ukindu. Ndani yake shindilia usumba mkavu wa nazi au sufi ya godoro la zamani kwa unene wa kiganja, chini na pande zote, kisha tandika kitambaa safi. Shona mto wa sufi wa kufunika juu. Sufuria iliyochemka ikiwekwa humo huendelea kuiva bila mkaa. Sufuria ijae karibu yote, maana sufuria nusu hupoa upesi, na usiifunue kuchungulia. Kapu hili ni la saa nne tu, si la usiku kucha.

Sasa upishi wenyewe. Nunua bucha lenye nyama iliyogongwa mhuri wa mkaguzi. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe asiliwe hata akiuzwa bei ya bure, kwani kimeta huua. Usichague steki. Chukua shingo au mguu wa mbele wenye mishipa mingi, kwa sababu ule ugumu wake ndio huyeyuka polepole na kuwa ulaini. Steki ya moto mdogo hukauka kama kamba. Kata vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Papai bichi, mliozoea kulipaka kwenye mishikaki, hapa liacheni: kwa saa nyingi hugeuza nyama kuwa uji.

Tia kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, kijiti cha mdalasini, nyanya mbili, chumvi kijiko kimoja cha chai na maji ya kufunika nyama. Chumvi isizidi, mkate tayari una chumvi yake na wengi wetu tuna shinikizo la damu. Chemsha kwa nguvu nusu saa nzima, hata kama utatumia sufuria ya umeme. Kisha ingiza kwenye kapu kwa saa nne, au kwenye sufuria ya umeme kwa saa sita hadi nane. Nyama ya kwenye barafu iyeyuke kwanza.

Unapofungua kapu, mvuke upande na mchuzi uwe wa kuunguza, usiweze kuacha kidole humo. Ukiwa vuguvugu, kapu lako halifai, ongeza sufi na mlo huo usiwape watu. Ukiwa wa moto, rudisha jikoni uchemke tena dakika kumi. Engua mafuta, chambua nyama kwa uma mbili, kamulia ndimu, jaza kwenye boflo na uichovye mkate kidogo katika mchuzi. Mwenye jongo ale kidogo na aache mchuzi.

Wapo wanaopenda kuchanganya na maharage mekundu. Maharage hayo yakiwa hayajachemka sawasawa yana sumu ya kutapisha, na joto la chini huweza kuizidisha badala ya kuiondoa. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika kumi au zaidi, ndipo yaungane na nyama.

Ikitokea mtu akaanza kuharisha, mpe maji ya ORS kutoka zahanati. Yakikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Mtoto aliyebonyea macho, asiyekojoa au asiyeweza kunywa, na mtu yeyote anayeharisha damu, wapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nyama iliyobaki igawe katika vyombo vidogo visivyo na kina, ipoe upesi, iingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita, na kesho ichemshwe mpaka itokote. Asiye na friji apike ya kuisha. Na wale akina mama wanaomfungia mtoto mkate wa nyama ya jana aende nao shuleni: mkate huo hukaa kwenye mkoba tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka mapumziko ya saa nne. Mfungieni yai la kuchemsha asubuhi hiyo likiwa na ganda lake, au muhogo.