Uzio Haulindi Urani

Tangu Uyombo, kule Kilifi, itajwe kuwa mahali ambapo huenda pakajengwa kinu cha nyuklia, swali ninaloulizwa ni lile lile: uzio utakuwa na urefu gani, na askari watakuwa wangapi? Limenichosha, kwa sababu linatafuta usalama mahali usipokaa.

Tazameni Oak Ridge, Tennessee. Kiwanda cha Y-12 kina ghala la urani ya mabomu lililogharimu zaidi ya dola milioni 500. Alfajiri ya Julai 28, 2012, mtawa wa miaka 82, Megan Rice, aliyewahi kufundisha Afrika Magharibi kwa miaka mingi, aliingia na wenzake wawili wakiwa na mikasi ya kukatia vyuma. Walikata seng'enge moja baada ya nyingine hadi wakafika kwenye ukuta wa ghala. Wakamwaga damu, wakaandika kwa rangi, wakagonga kwa nyundo. Ving'ora vilikuwa vimelia, lakini walinzi walishazoea kuvisikia vikilia bure. Kamera ambayo ingewaonyesha ilikuwa mbovu kwa miezi. Waliokuwa ndani walisikia nyundo, wakadhani ni mafundi!

Hapo mngeongeza uzio wa ngapi?

Na mtawa huyo alikuwa mtu wa nje; sasa tazameni wa ndani. Leonid Smirnov alikuwa mfanyakazi wa taasisi ya Luch, Podolsk, Urusi. Mwaka 1992 alichota urani kidogo kidogo hadi ikafika kilo 1.5, akaificha kwenye roshani ya nyumba yake. Hesabu za taasisi zilikubali upotevu wa asilimia 3, kwa hiyo karatasi hazikuonyesha kasoro yoyote. Alitaka kuiuza apate jokofu na jiko. Alinaswa kwa bahati tu, polisi walipowakamata jirani zake walioiba betri. Mtu huyu alipita getini kila siku kwa kitambulisho halali.

Basi ulizeni haya. Kamera ikiharibika, inatengenezwa baada ya saa ngapi? Mlinzi anayelalamikia king'ora kibovu anasikilizwa, au anaitwa msumbufu? Kuna anayeingia ghalani peke yake? Mzigo unapimwa upya kwenye mzani, au wanasoma daftari tu? Mkurugenzi naye anapekuliwa? Majaribio ya kushtukiza yapo? Mishahara inatoka kwa wakati? Wenye mradi wakibabaika kwenye swali la kwanza, msipoteze muda kuwauliza habari za uzio.