Kuoza, kuyeyuka au kufyonzwa? Wagonjwa wanahitaji neno lililo sahihi

Majuzi binti ya kaka yangu alinipigia simu akiwa wodini. Alikuwa ametolewa uvimbe wa fibroidi katika mfuko wa uzazi. "Shangazi, wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Nimeambiwa nyuzi nilizoshonwa nazo huko ndani zitaoza. Sasa si nami nitaoza nazo?" Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Kumbe usiku kucha hakuwa amelala.

Neno 'kuoza' halikuzuka tu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, tumezoea kusikia habari za vifungashio vinavyooza, na kwa wanamazingira hiyo ni sifa njema. Kwa mgonjwa, hata hivyo, kinachooza mwilini ni kidonda chenye usaha. Tafsiri inayofaa jalalani imekuwa kosa wodini.

'Kuyeyuka', neno ambalo wahudumu wengi hulipendelea, nalo lina walakini. Barafu huyeyuka kwa dakika chache ukiitazama. Mama aliyeshonwa baada ya kujifungua akiambiwa nyuzi zitayeyuka, kisha wiki ya tatu aone kipande cha uzi kimedondoka, atadhani kidonda kimefumuka.

Je, ni nini hasa hutokea? Tuanze na uzi wa zamani uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Huo ni protini, na mwili huushughulikia kwa vimeng'enya, takriban jinsi tumbo linavyoshughulikia nyama. Neno lake tunalo tayari: humeng'enywa.

Nyuzi za kisasa, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, ni za kemikali. Hizi huvunjwa na maji yaliyomo mwilini, mnyororo wa molekuli ukikatika kidogo kidogo. Uzi wa poliglaktini, mathalani, hushikilia kidonda kwa wiki tatu hadi nne, na hutoweka kabisa baada ya siku 56 hadi 70 hivi. Moja ya mabaki yake ni asidi ya laktiki, ileile inayoyapa maziwa lala ukali wake. Mwili unaijua asidi hiyo na huitumia, mwishowe ikawa maji na hewa ya kaboni. Hapa kitenzi kinachofaa ni kufyonzwa: uzi huvunjika, kisha mwili ukaufyonza.

Siku hizi wabunifu wamekwenda mbali zaidi ya nyuzi. Baada ya upasuaji ndani ya mfuko wa uzazi, au kusafishwa baada ya mimba kuharibika, kuta zake zilizochubuka zinaweza kugusana na kuunganishwa na kovu. Hali hii huitwa kwa jina la daktari Joseph Asherman, aliyeieleza kwa kina mnamo 1948. Inaweza kumkosesha mwanamke hedhi au hata uwezo wa kupata mimba. Tangu zamani madaktari wameweka kitanzi au puto dogo la kutenganisha kuta hizo, ila vifaa hivyo ni lazima virudiwe na kutolewa.

Ndipo likaja wazo la kifaa kinachojiondokea. Ipo jeli ya asidi ya hialuroniki, ambayo mwili wenyewe huiunda, na ambayo hufyonzwa baada ya siku chache. Huko Montpellier, Ufaransa, kumebuniwa utando wa polima unaoingizwa ukiwa umekunjwa. Ukifika ndani hufunguka na kuzitenga kuta, kisha huvunjika na kutoka wenyewe kupitia ukeni katika muda usiozidi siku 30. Huu haufyonzwi, haumeng'enywi wala hauozi. Unatoka, na mwanamke asiyeambiwa hivyo ataogopa siku utakapotoka.

Ugumu wa mbunifu ni kupima muda. Kifaa kikiisha mapema mno, kuta zitagusana kabla ya kupona. Kikikawia, kitakuwa kitu kigeni ndani ya mwili, na kinaweza kuleta maambukizi. Nao muda huo ndio mgonjwa anaopaswa kuambiwa.

Msidhani nakuza jambo dogo. Kwa miaka mingi wanawake wengi ng'ambo waliwekewa wavu wa plastiki isiyoisha ili kuinua mfuko wa uzazi au kibofu kilichoshuka. Baadhi yao waliumia vibaya, na kuutoa wavu uliokwisha kushikamana na nyama ni kazi ngumu. Uingereza ilisitisha matumizi yake Julai 2018. Marekani nayo, Aprili 2019, ikaamuru nyavu zinazopitishwa ukeni kwa ajili ya tatizo hilo ziondolewe sokoni. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2020 uligundua kwamba wanawake wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha kabla ya kukubali. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichokiridhia ni sahihi tu kwenye karatasi.

Rai yangu ni hii. Tuliache 'kuoza' kwa takataka. Tutumie 'kufyonzwa' kwa kinachoingia mwilini, 'kumeng'enywa' kwa uzi wa utumbo, na 'kutoka' kwa kinachotoka. Mhudumu akiona maneno hayo ni mazito, aseme tu "uzi wa kuisha wenyewe", lakini aongeze siku zake. Naye mgonjwa, kwa kuwa kuuliza si ujinga, aulize mambo matatu: Kitaisha vipi? Baada ya muda gani? Nitaona nini?

Nilimpigia binti yetu kesho yake nikamweleza habari za maziwa lala. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya Shangazi, sasa nitalala. Lakini mbona hawakuniambia hivyo mapema?"