Usipime jeraha la jicho kwa maumivu

Kila shule, shamba na jengo la kupangisha lina fundi wake wa kila kitu. Ndiye huitwa mfereji ukivuja, kitasa kikikwama au bawaba ya lango ikikatika. Hapa Ainabkoi, kusini mashariki mwa Eldoret, ambako watu hulima ngano, mahindi na viazi, kazi yake huongezeka kabla ya mvua ya masika, kwa kuwa trekta na plau lazima ziwe tayari. Huo pia ndio msimu ninaopokea macho mengi mekundu.

Juma moja walinijia mafundi wawili. Wa kwanza aliletwa usiku wa manane akishikwa mkono, machozi yakimtiririka, akiapa kwamba macho yamejaa mchanga. Mchana alikuwa amechomelea lango bila kinga ya uso. Wa pili alijileta mwenyewe, siku tatu baada ya kuumia, akitaka dawa ya kutia tu. Alikuwa akigonga pini ya plau kwa nyundo, akahisi kitu kimemdunga, kisha maumivu yakatulia. Alichokuwa akilalamikia ni ukungu kidogo.

Wa kwanza alirudi kazini baada ya siku mbili. Wa pili nilimtuma hospitali kubwa papo hapo, na hadi leo jicho lile linatofautisha mwanga na giza tu.

Sababu ni hii. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina mishipa mingi mno ya hisia. Miale mikali ya moto wa kuchomelea huiunguza juu juu. Maumivu huanza saa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana humwamsha mtu usiku, na kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Lakini chuma kikigongwa kwa chuma, kipande kidogo kuliko chembe ya mchele huweza kuruka kwa kasi, kikatoboa konea, na tundu likajifunga nyuma yake. Retina, pazia la ndani linalopokea picha, haihisi maumivu. Chuma hubaki humo kikishika kutu, na kutu hiyo huidhuru retina polepole kwa miezi. Viini vikiingia nacho, jicho huweza kujaa usaha katika siku chache.

Kwa hivyo ukiwa ulikuwa ukigonga chuma, mwambie daktari maneno hayo hayo. Ataagiza picha ya eksirei badala ya kukuandikia dawa tu. Usilisugue jicho, usilibonyeze, usilioshe. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi kilichokatwa, ukingo wake ukikaa kwenye mifupa, kisha uende. Ulizia pia sindano ya pepopunda.

Saruji, chokaa na maji ya betri ni habari nyingine kabisa. Hapo osha kwanza, kwa maji safi mengi, nusu saa nzima, kabla hata ya kuita boda boda.

Chembe za grinda nazo hukwama juu ya konea. Nimeona zikichokolewa kwa njiti ya kiberiti, na macho yakitiwa maziwa ya mama au maji ya sukari. Kidonda cha konea kilichoanza hivyo huchukua majuma kupona na huacha kovu jeupe. Wapo pia wanaoomba chupa ya matone ya ganzi waende nayo nyumbani. Huwa nakataa, hata wakinikasirikia, kwa sababu matone hayo yakitumiwa mara kwa mara huzuia konea kupona.

Nawe msomaji wa mjini unayemwita fundi kwako, ukinunua diski ya grinda nunua na miwani ya kujikinga iliyozibwa pembeni. Miwani ya jua haitoshi, hasa kwa kuchomelea. Waondoe watoto wanaopenda kusimama wakitazama cheche, maana mwanga ule huwaunguza na wao. Kwa wenye karakana, shule na mashamba, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Fundi wangu yule wa pili alikuwa na miwani. Ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao meneja.