Baiskeli hazileti foleni

"Mhandisi, mkikata mita mbili za barabara mkawapa waendesha baiskeli, foleni si itazidi?" Nimeulizwa kwenye vikao vya wadau, msibani, hata ndani ya daladala. Wiki hii nimeulizwa tena, nikaona niandike.

Foleni ya mjini huzaliwa makutanoni. Simama kwenye taa uhesabu mwenyewe: kijani kikiwaka, leni moja hupitisha gari moja kila sekunde mbili hivi. Kijani cha sekunde 30 kinatoa magari 15. Kama yaliyosubiri ni 40, basi 25 yanabaki palepale, hata barabara iliyo nyuma yake iwe pana kama uwanja wa mpira. Leni ya nyongeza inayoishia kabla ya taa ni mahali pengine pa kusubiria tu. Halafu gari moja likitaka kukata kona likakosa nafasi, yote yaliyo nyuma yake yanasimama, na kijani kinapotea bure. Hapo ndipo New York walipopashughulikia kwenye Columbus Avenue. Walijenga njia ya baiskeli iliyotengwa, wakabana leni za magari, lakini wakayapa magari yanayokata kona sehemu yake. Ripoti ya jiji ya mwaka 2014 ilionyesha muda wa safari za magari umepungua kwa asilimia 35 kwenye kipande kilichopimwa.

Kinachoniumiza zaidi ni ile tiba ya rangi: mstari mweupe pembeni, picha ya baiskeli, kazi imekwisha. Mtazameni muuza madafu asubuhi. Mzigo umening'inia pande zote mbili, baiskeli haigeuki upesi. Mbele yake bodaboda zimeegeshwa juu ya ule mstari. Hana kioo, anageuza shingo mara moja, anaingia kati ya daladala na lori. Mstari uliochorwa kumlinda haukumzuia mtu yeyote, na sasa yuko mbele ya bampa.

Kwa hiyo: wekeni kingo za zege. Upana utoshe guta. Kwenye vituo vya daladala, njia ipite nyuma ya abiria wanaosubiri. Kona ya makutano ibanwe, ili gari linalokata kushoto lipunguze mwendo na dereva amwone mwenye baiskeli. Bodaboda zitengewe egesho lake. Na kabla ya kukabidhiwa kazi, kagueni siku ya mvua, kwa sababu maji yakituama kwenye njia hiyo, baiskeli zote zitarudi barabarani.