Kichwa cha Ramadhani: kumbe si njaa, ni kahawa!

Leo siasa na mpira naviweka pembeni, nataka tuongee kuhusu kahawa. Najua kuna watu washaanza kucheka. Cheka tu, lakini soma, maana hii kitu ilinipeleka mpaka zahanati kutobolewa kidole bure.

Ilikuwa Machi 2024, siku za mwanzo za Ramadhani, hapa Tanga. Mimi ni mtu wa kijiweni, sifichi. Tangu nimalize kidato cha nne kazi zangu ni hizi za kuandikaandika, kuwachapia watu barua za maombi ya kazi, halafu kusubiri malipo. Kusubiri malipo ni kazi ya kukaa, na ukikaa kwenye baraza letu huwezi kukwepa kahawa. Mzee wa kahawa anapita na birika lake juu ya mkaa, anagonga vikombe, kikombe shilingi mia na kashata pembeni. Asubuhi vitatu, alasiri viwili au vitatu, usiku ndo usiseme, kwenye drafti hakuna anayehesabu. Jumlisha chai ya rangi ya nyumbani na soda ya mchana. Nilikuwa naogelea humo na wala sijui.

Siku moja kabla ya kufunga nilikunywa cha mwisho kama saa kumi jioni, nikalala mapema ili niamke daku. Kesho yake mpaka adhuhuri niko poa kabisa. Kufika saa tisa, mamaa! Kichwa kikaanza taratibu nyuma ya macho, kikapanda, kikawa kinapiga kama kuna mtu anatwanga kisamvu ndani. Mwili mzito, hasira juu, mdogo wangu akinisemesha naona kama ananitukana. Mama akasema ni njaa hiyo, utazoea. Nikafuturu, nikanywa maji ya kutosha, kichwa kiko palepale. Si njaa basi.

Usiku nikapewa vidonge viwili vya maumivu na jirani. Nusu saa tu, kichwa kimeyeyuka! Ila usingizi nao ukagoma mpaka saa nane. Siku ya pili mchana kichwa kikarudi vilevile, usiku vidonge vilevile, kikaondoka. Siku ya tatu nikasema hii malaria, nikaenda zahanati. Kipimo kikasema hakuna malaria. Nikaambiwa ninywe maji usiku, nipumzike, niendelee na vidonge.

Nikiwa nimelala sina usingizi ndipo nikaanza kusoma karatasi ya vile vidonge, si unajua mtu akikosa usingizi anasoma chochote. Ndani mna parasetamoli na KAFEINI. Yaani kile nilichokiacha barazani nilikuwa nakimeza kwenye kidonge, ndo maana kichwa kinatulia. Asubuhi yake sikupoteza muda, nikaja hapa kafe, nikalipia saa mbili, nikachimba. Hiki hapa ndicho nilichokipata.

Kafeini ni nini basi. Ni kemikali iliyomo kwenye buni, majani ya chai na mbegu za kola. Mjerumani mmoja mkemia, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyeitoa kwenye buni mwaka 1819. Lakini watu walijua kazi yake zamani. Masufi wa Yemen kwenye karne ya 15 walikuwa wanakunywa kahawa ili wasisinzie kwenye dhikri za usiku. Kuna gavana wa Makka aliwahi hata kuipiga marufuku, mwaka 1511, marufuku haikudumu. Kwa hiyo kahawa baada ya tarawehe hatukuianza sisi.

Sasa inafanyaje kazi? Ukiwa macho, ubongo wako unakusanya kitu kinaitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo kinavyoongezeka, na kikikaa kwenye vipokezi vyake, unasikia uchovu na usingizi. Fikiria daladala. Adenosini ndiye abiria, vipokezi ndivyo viti. Kafeini inafanana na huyu abiria, basi inawahi kiti na kukaa, ila haina habari ya kulala. Adenosini anabaki amesimama mlangoni. Wewe unajiona uko fiti. Hapo ndipo watu wengi tunapokosea: kafeini haikupi nguvu yoyote mpya, inaficha uchovu tu. Abiria bado yupo, na anaongezeka.

Nina mshkaji wangu anaendesha bodaboda usiku. Alikuwa anapiga makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, matatu mpaka manne kwa usiku mmoja, anajisifia hasinzii. Alfajiri moja, anarudi nyumbani, kafeini imeshuka na wale abiria wote waliosimama mlangoni wakaingia kwa mkupuo. Alijikuta mtaroni na pikipiki juu ya mguu. Anashukuru Mungu hakuwa na abiria wa kweli nyuma. Mguu umepona, ila pikipiki ilikuwa ya mkataba na deni bado analilipa mpaka leo. Hii sikuisoma Google, nilikwenda mwenyewe kumtoa.

Turudi kwenye kichwa. Ukinywa kafeini kila siku, ubongo unaona mbona viti vinajaa kila siku, unaongeza viti. Ndo maana kikombe kimoja cha mwaka juzi leo hakikutoshi. Halafu siku ukiacha ghafla, viti vyote vile vya ziada vinakaliwa na adenosini. Kuna na jambo la pili: kafeini inabana mishipa ya damu ya kichwani. Ikiondoka mishipa inatanuka, damu inapita kwa wingi, na hayo ndiyo maumivu yenyewe. Hali hii madaktari wanaitambua rasmi. Mwaka 2013 kitabu cha Wamarekani cha kuainisha matatizo ya akili, kile kinachoitwa DSM-5, kiliiweka. Dalili zake ni kichwa kuuma, uchovu, hasira, kukosa umakini, wengine kichefuchefu mpaka mwili kuuma kama homa. Inaanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, inakuwa kali siku ya kwanza na ya pili, na inaweza kukuburuza siku mbili mpaka tisa.

Hebu piga hesabu yangu: kikombe cha mwisho saa kumi jioni, kichwa saa tisa alasiri ya kesho yake. Saa 23. Ilikuwa imeandikwa kabisa!

Na vile vidonge? Soma boksi kabla hujameza. Panadol Extra kwa mfano ina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65 kwa kila kidonge. Si siri, kampuni yenyewe imeandika, na kafeini imewekwa makusudi ili kusaidia dawa ifanye kazi vizuri. Viwili ni miligramu 130. Kwa mtu anayejaribu kuacha kahawa, huku ni kutoka mlango wa mbele na kuingia wa nyuma. Kama ni lazima, meza parasetamoli ya kawaida isiyo na nyongeza.

Angalizo kabla hamjaanza kunitupia mawe: kichwa kinachokuja na homa usikipe jina la kahawa. Kapime. Mimi kidole kilitobolewa bure lakini ningerudi tena, malaria haina utani.

Kiasi gani ni kingi? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya mpaka miligramu 400 kwa siku hazina shida, na mjamzito asizidi 200. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja, kama mililita 240, kina karibu miligramu 95. Chai ya rangi ya ukubwa huo kama nusu yake. Red Bull ya mililita 250 ina 80. Soda ya kola chupa moja ni kama 30. Vikombe vya barazani ni vidogo, ndiyo, lakini kahawa yake imechemka mpaka imekuwa nyeusi tii. Tena ujue na aina ya buni: robusta, ile inayolimwa sana Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Wahaya wao wanaitafuna kabisa, mgeni akifika anapewa buni atafune. Heshima kwao.

Ila kwa maoni yangu tatizo la vijana wengi ni SAA kuliko kiasi. Kafeini ikiingia mwilini inachukua kama saa tano kupungua nusu. Piga mfano: umekunywa miligramu 150 barazani saa tatu usiku baada ya tarawehe. Saa nane usiku bado unazo 75, zaidi ya kumeza kidonge kimoja kile cha nyongeza halafu ukapanda kitandani. Saa kumi na nusu unaamshwa daku. Umelala nini hapo? Mchana unasinzia, jioni unakunywa zaidi ili uamke, na gurudumu linaendelea. Kwa mjamzito ni ngumu zaidi, miezi ya mwisho mwili unaweza kuchukua saa 15 kupunguza ile nusu. Hata wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, kafeini inakaa kwao karibu mara mbili ya kawaida.

Dada yangu alikuwa mjamzito mwaka huohuo na aliambiwa kliniki damu ni kidogo. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, anavimeza na chai ya rangi nzito! Chai na kahawa zinazuia mwili kunyonya chuma kilichomo kwenye chakula na vidonge. Unakunywa dawa, chai inaifukuza. Ni kuachia saa moja au mbili kati yake, basi. Nilimwambia mimi, akanicheka, akaenda kumuuliza nesi, nesi akamjibu hivyohivyo. Tangu siku hiyo nyumbani naitwa daktari wa kafe.

Na wale wanaosema kahawa inaleta kansa: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, lilipitia upya na kusema ushahidi wa kuilaumu kahawa yenyewe hautoshi. Walichokionyea kidole ni kinywaji chochote cha moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwamba huenda kinachangia saratani ya koo la chakula. Sasa ile kahawa inayotoka juu ya mkaa na wewe unaipiga funda moja ili uonekane mwanaume… iache ipoe kidogo, mazee.

Haya, nilipunguzaje? Kwanza niliandika kila kitu kwa siku tatu, kahawa, chai, soda, vidonge. Ilinitia aibu: vikombe tisa kwa siku za kawaida, kumi na tatu Jumamosi. Kwa shilingi mia mia hiyo ni karibu elfu thelathini kwa mwezi, na bado kashata. Mimi ambaye nalialia bando.

Sikuacha kwa mpigo, nilishaona moto wake. Nilianza na vya usiku, maana ndivyo vinavyoua usingizi. Kukaa barazani mikono mitupu ni mtihani, wenzako wanakuona kama umeokoka, kwa hiyo nilikuwa naenda na chupa ya mchaichai na tangawizi kutoka nyumbani. Mchaichai hauna kafeini, tangawizi haina, rosela haina. Chai ya rangi inayo, usijidanganye. Wiki iliyofuata nikatoa kikombe kimoja cha alasiri, kisha kingine. Kila nikitoa kimoja kichwa kinagusa kidogo siku mbili kinatulia. Wiki ya nne nikabaki na viwili, vyote kabla ya adhuhuri. Usingizi ulirudi ndani ya wiki mbili hivi, na ule mtetemeko wa vidole nilipokuwa nachapa nilidhani ni kasi yangu, kumbe!

Kwa wanaofunga, fanyeni hivi Shaabani, msisubiri mwezi uandame. Mimi Shaabani iliyofuata nilishuka mpaka kikombe kimoja, halafu nikakisogeza taratibu mpaka kikawa cha alfajiri, muda uleule wa daku. Machi 2025 nikafunga siku ya kwanza, saa tisa ikafika, nimekaa barazani nasubiri kipigo. Kikaja kizito kidogo tu, cha jua la Tanga. Pembeni yangu jamaa watatu wameshika vichwa, mmoja anauliza nani ana vidonge, mwingine anasema safari hii malaria imeingia vibaya mtaani.

Mzee wa kahawa hajaninunia. Anasema yeye mwenyewe haigusi jioni, ana miaka mingi. Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akasema, "Mjukuu wangu, ningewaambia ningemuuzia nani?"

Haya, wewe vingapi kwa siku? Hesabu kwanza, tena kwa ukweli, halafu tuandikie hapo chini. Na wadau wa bodaboda na wa kukesha na madaftari kwa ajili ya mitihani, nataka sana kusikia kutoka kwenu.