Sindano ya Urembo na Maziwa ya Mama

Sumu ya botulini ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazojulikana. Hata hivyo, ndiyo hiyo inayodungwa usoni kwa kiasi kidogo mno ili kuondoa makunyanzi, ikiuzwa kwa jina la Botox na mengineyo. Jina lake lina asili ya jikoni: botulus kwa Kilatini ni soseji, kwani mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliwachunguza watu waliopooza na kufa baada ya kula soseji zilizoharibika. Si ajabu basi kwamba mama anyonyeshaye, aliyekwisha kudungwa, hujiuliza iwapo anamnywesha mwanawe sumu.

Jibu linategemea safari ya sumu hiyo mwilini. Inapodungwa msulini, hunata kwenye ncha za neva na kuzuia kutolewa kwa asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli hulegea, na ngozi iliyo juu yake hunyooka kwa takriban miezi mitatu au minne. Ili imfikie mtoto, ingebidi sumu itoke msulini, iingie katika damu, kisha ipenye hadi kwenye maziwa. Nayo ni protini kubwa mno: uzito wake ni takriban daltoni 150,000, ilhali dawa nyingi zipenyazo kwa urahisi katika maziwa hazifiki 500. Tena, kwa vipimo vya kawaida vya urembo, haitarajiwi kuonekana katika damu ya mama. Mwaka 1978 iliripotiwa habari ya mama aliyeugua botulizimu yenyewe huku akinyonyesha. Sumu haikuonekana katika maziwa yake wala kwa mtoto.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba tafiti kuhusu wanawake wanaonyonyesha ni chache. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humshauri mama angoje hadi amwachishe mtoto ziwa; makunyanzi hayamkimbii mtu. Lakini kumwamuru aliyekwisha kudungwa amwage maziwa yake ni kumnyima mtoto chakula kwa sababu ya hofu tu.

Hatari iliyo dhahiri zaidi imo katika kichupa chenyewe. Mwaka 2004, huko Florida, Marekani, watu wanne walipatwa na botulizimu baada ya kudungwa sumu isiyoidhinishwa kwa matumizi ya binadamu. Kwa hiyo mama anayedungwa saluni, kwa dawa asiyoijua chimbuko, hawezi kujifariji kwa hoja zilizotangulia. Akiona kope zinalegea, kumeza kunamtatiza au pumzi inambana, hana budi kukimbilia hospitali. Hoja hizo hazihusu pia sindano za kung'arisha ngozi, ambazo ni dawa nyingine kabisa na ambazo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja.

Yamkini wengi hawajui kwamba bakteria wanaotengeneza sumu hii wana njia nyingine ya kumfikia mtoto, isiyopitia usoni mwa mama. Asali huweza kubeba mbegu zao, na utumbo wa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haujakomaa kiasi cha kuzizuia zisichipuke na kutoa sumu humohumo. Nyanya anayemlambisha mjukuu mchanga asali, kwa mapenzi yote, huenda akawa ndiye anayepaswa kuonywa kwanza.