Uanagenzi (4): Mtumbwi wa Tana na Cheti cha Serikali

Uchongaji wa mitumbwi katika delta ya Mto Tana, kutoka Garsen hadi Kipini, hurithishwa kwa uanagenzi wa aina iliyokwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia: hapana mchoro wala kitabu, na ada ya kijana ni jasho lake. Wapokomo huchonga gogo moja zima, la mwembe au mkuyu. Mwanagenzi huanza kwa kunoa mashoka na kuzoa vibanzi, kisha huachiwa upande wa nje, ambako kosa hurekebishika. Tumbo la mtumbwi huja mwisho. Humo tezo ikizidi kidogo tu gogo hutoboka, na kazi ya siku nyingi imepotea. Kwa hiyo fundi humsimamisha kijana mara kwa mara, akaubana ubavu kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje, halafu akaugonga ili kijana asikilize unene kwa mlio.

Ufundi huu uliwahi kulisha miji. Katika karne ya 19 mchele wa delta ulishuka kwa mitumbwi hadi Kau na Kipini, ukapakiwa majahazini kwenda Lamu. Zama za usultani wa Witu palikuwa na mfereji wa Belezoni, mwembamba wa kupita mitumbwi, uliochimbwa kuunganisha Tana na Mto Ozi. Mto nao ukaufuata: mwishoni mwa karne hiyo uliuvamia ukaufanya njia yake kuu, na hadi leo Tana huingia baharini Kipini.

Hata hivyo, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya ya 1959 ilimjua tu mwanagenzi mwenye mkataba wa maandishi. Wa kingo za Tana hakuhesabiwa, na hiyo ni dhuluma ya miongo sita. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa 2024, inaruhusu fundi apimwe kwa kazi yake na apewe cheti.

Lakini kituo cha pwani cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kiko Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen, na mtumbwi haupakiwi basini. Watahini na wateremke Garsen, wakae na fundi tangu gogo linapoangushwa, na karatasi ya alama itiwe sahihi pia na yule aliyemfundisha kijana.